Soda ya Bibi, Sheria ya Mama: Mwongozo Kamili kwa Wazazi Wanaovutana na Bibi na Babu

Desemba ikikaribia, mabasi ya kutoka Dar es Salaam na Dodoma yanapoanza kumimina watu stendi ya Moshi, kuna mazungumzo yanayoanza chini kwa chini ndani ya nyumba nyingi. Mke anamwambia mume, "Mwaka huu mama umwambie mapema." Mume anajibu, "Nimwambie nini? Si wajukuu zake?" Mabegi hayajafungwa, mvutano umeshaanza.

Mwongozo huu ni kwa wazazi wenye wazee wao Marangu, Kibosho, Rombo, Machame, Tengeru au Ngaramtoni, na pia kwa wale ambao bibi anaishi nao hapa hapa mjini. Hatua zote zinasimama juu ya jambo moja ninaloliamini kabisa: bibi na babu wana haki ya kudekeza wajukuu zao, ila hawana haki ya kulitengua neno la mzazi mbele ya mtoto. Ya kwanza mzazi asiiguse, ya pili asiilegezee. Ugomvi mwingi ninaouona katika familia zetu unatokana na kuyachanganya hayo mawili. Mama anapigania soda moja ya sikukuu kwa nguvu zote, halafu siku bibi anapomwambia mtoto "achana na mama yako, huyo anakuonea," ananyamaza kwa sababu amechoka kugombana.

Mwelewe kwanza bibi mwenyewe

Usiruke sehemu hii ukakimbilia hatua. Bibi mwenye miaka 70 leo alikuwa akilea watoto wadogo miaka ya 1980. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, sabuni, mafuta ya kula na nguo viliadimika nchi nzima. Watu walipanga foleni dukani, na mara nyingi walirudi mikono mitupu. Mama wa kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, alikuwa na watoto watano au sita, fedha ya kahawa ikiingia kwa msimu, na kila shilingi ilikuwa na kazi yake kabla haijafika mkononi: ada, daftari, chumvi, mafuta ya taa. Watoto wake walipomwomba kitu kitamu, jibu lilikuwa hapana. Wewe ulikuwa mmoja wao, au wadogo na wakubwa zako walikuwemo.

Sasa mjukuu amekuja na kusema, "Bibi, nataka soda." Duka liko hapo kwa jirani, na ile pesa uliyomtumia kwenye simu imeingia asubuhi. Unategemea aseme nini? Anampa mjukuu kile alichoshindwa kukupa wewe, na akikuona unakikataza, anasikia kama unamrudisha kwenye foleni zile. Wengi wetu husema kwa uchungu, "Mbona sisi hakutulea hivyo?" Hakuwalea hivyo kwa sababu hakuwa na uwezo, hakuwa na muda, na mzigo wote wa malezi ulikuwa mgongoni mwake. Sasa mzigo huo uko kwako, kwake imebaki furaha.

Kuna na utani. Katika jamii zetu nyingi babu humwita mjukuu wa kike "mchumba wangu," na bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu." Mtoto anajua kwamba kwa baba kuna heshima na hofu kidogo, na kwa babu kuna kucheka. Mpangilio huo una faida: mtoto aliyeogopa kumwambia baba jambo zito hulipeleka kwa bibi. Ukiuvunja utani huo kwa sababu ya biskuti, umemwondolea mwanao sehemu ya kukimbilia.

Hatua ya 1: Gawa malalamiko mafungu matatu

Kaa na karatasi. Andika kila kilichokuudhi mara ya mwisho mlipokuwa kwa wazee, hata kile kidogo kabisa. Halafu kipange kila kimoja kwenye fungu lake: hatari, utaratibu, mapenzi.

Fungu la hatari ni yale yanayoweza kumuumiza mtoto. Hayo hayajadiliwi, na hayangojei siku nzuri ya kuongea. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi maji, uji wala maji ya sukari. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi hiyo. Asali haipewi mtoto kabla ya kutimiza mwaka 1, hata kama ni ile safi ya kwenu, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwa mtoto mchanga. Karanga nzima na pipi ngumu zinawapalia watoto wadogo, basi wa chini ya miaka 4 asipewe kabisa. Dawa za presha na kisukari za wazee huwa zinakaa kwenye mkoba, chini ya mto au juu ya meza ya kitanda, na mtoto wa miaka 2 anaziona ni pipi. Nunua kopo lenye kifuniko kigumu uende nalo kama zawadi, na mwombe babu alitundike juu.

Kwenye fungu hilo hilo weka mambo mawili ambayo watu wa Kilimanjaro tunayaonea haya kuyataja. La kwanza ni mbege. Mtoto kuonjeshwa kata ya babu huku wakubwa wanacheka ni jambo lililozoeleka vijijini kwetu, na linapaswa kukoma. Mbege ni pombe, mwili wa mtoto hauna kiasi cha pombe kinachomfaa, na mtoto anayeshangiliwa kwa kunywa anajifunza kwamba kunywa kunashangiliwa. La pili ni jiko la mkaa chumbani. Juni na Julai huko juu kwenye migomba baridi inauma, na bibi kwa huruma yake anaingiza jiko ili wajukuu wapate joto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Nenda na mablanketi mazito, na mweleze sababu waziwazi.

Fungu la utaratibu ni yale yasiyodhuru siku moja lakini yanadhuru yakiwa mazoea: soda kila siku, katuni kutwa, kulala saa 5 usiku, kutofanya kazi za shule. Hapa ni vizuri uwe na takwimu kichwani ili usionekane unatoa sheria hewani. Chupa ya soda ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari ya gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Mwonyeshe bibi. Chukua kikombe, pima vijiko 9 vya sukari mbele yake, kisha muulize kama angeweza kumkorogea mjukuu chai ya namna hiyo. Nimeona wazee wengi wakishangaa hapo, kwa sababu kwao soda ni kinywaji cha heshima cha mgeni, hawajawahi kuifikiria kama sukari. Kuhusu usingizi, mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Mtoto anayefuatwa na gari la shule saa 12 asubuhi akiwa amekesha na bibi kwenye tamthilia hadi saa 4 usiku hatafikisha hesabu hiyo.

Fungu la mapenzi ni yote yaliyobaki: kubebwa mgongoni wakati anatembea vizuri, kulala kitanda kimoja na bibi, kupewa paja la kuku ambalo zamani lilikuwa la babu, kuchafuka kwenye tope la kihambani, kupewa andazi kabla ya chakula, kusamehewa kuosha vyombo "kwa sababu ni mgeni," kufundishwa nyimbo za kilugha badala ya zile za shule. Chora mstari chini ya fungu hilo, ulikunje, na usilitaje kwa mtu yeyote.

Ukimaliza utakuta fungu la tatu ndilo refu kuliko yote. Kwa familia nyingi hapo nusu ya hasira inakuwa imeshaisha.

Na kuhusu meno, kabla hujamlaumu bibi kwa pipi, angalia rangi. Sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro, hasa upande wa Arumeru kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, maji yana madini mengi ya floraidi, na hayo ndiyo yanayotia meno madoa ya kahawia yakiwa bado yanaundwa ndani ya fizi, miaka ya mwanzo ya mtoto. Pipi hutoboa meno, haziyapaki rangi ya namna ile tangu yanapoota. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Magadi yanayowekwa kwenye maharage au makande ili yaive haraka nayo huongeza. Kama bibi anakaa maeneo hayo, ombi lako kwake liwe juu ya maji ya kunywa ya mtoto na magadi, na pipi zifuate baadaye.

Hatua ya 2: Mume na mke mkubaliane kwanza

Hatua hii ni fupi lakini ikikosekana zote zinaanguka. Bibi akigundua kwamba baba hana shida na soda ila mama ndiye anayekataza, kwake habari imeisha: tatizo ni mkwe. Kaeni wawili, mchague mambo yasiyozidi matatu kutoka fungu la utaratibu, na mkubaliane kuyasema kwa mdomo mmoja. Matatu tu. Ukimpelekea mzee orodha ya mambo kumi na mbili, atasikia kwamba hajui kulea, na wewe au mwenzako ni ushahidi kwamba anajua.

Hatua ya 3: Aseme mtoto wa damu

Kwa mama yake mume, anaongea mume. Kwa mama yake mke, anaongea mke. Sijaona njia nyingine inayofanya kazi kwetu. Neno lile lile, "mama, mtoto asilale saa 5," likitoka kwa mwanawe wa kumzaa ni mazungumzo, likitoka kwa mkwe ni mashtaka yatakayowafikia mawifi kabla jua halijazama. Kina baba wengi wanakwepa jambo hili. Wanasema "hayo ni mambo ya wanawake," halafu wanakaa uani na nyama choma wakati mke anapambana peke yake jikoni. Baba, ni mama yako. Nenda ukaongee naye.

Kama mume amekataa kabisa, mke asiende moja kwa moja kwa mama mkwe na malalamiko. Apitie kwa wifi anayeelewana naye, au kwa mama mkubwa mwenye busara.

Hatua ya 4: Chagua siku, na usiende mikono mitupu

Usilisemee jambo hili kwenye simu, maana simu ya bibi huwa spika ziko wazi na majirani wanasikia. Usiliandike kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, hata kwa kuzunguka. Usilisemee tarehe 25 Desemba nyumba ikiwa imejaa watu. Nafasi nzuri ni wiki kadhaa kabla ya likizo. Panda gari la kijijini Jumamosi, peke yako bila watoto, ukiwa na sukari, mkate, sabuni na majani ya chai. Kaa. Kula kwanza mtori au ndizi alizopika. Sikiliza habari za mbuzi, za migomba, za jirani aliyefariki, za goti linalomsumbua. Mzee aliyesikilizwa saa nzima anasikiliza dakika kumi bila shida.

Hatua ya 5: Maneno yenyewe

Anza na shukrani ya kweli, taja jambo mahususi. Halafu leta ombi, na lije kama unahitaji msaada wake. Mazungumzo kati ya mwana na mama yake yanaweza kwenda hivi:

"Mama, watoto tangu watoke hapa mwezi wa sita hawaachi kukutaja. Yule mdogo kila akilala anataka hadithi ya sungura kama yako."

"Huyo mume wangu ana akili sana. Mtamleta lini?"

"Shule zikifunga tu. Ila mama, nimekuja na shida, nahitaji unisaidie. Mkubwa daktari wa meno ameshamng'oa jino moja. Amelia mpaka na mimi nikaumia. Ameambiwa soda iwe mara moja moja. Mimi kwangu akiomba namkatalia, lakini akija hapa anajua bibi hawezi kumnyima. Nikaona nije nikuombe, soda iwe Jumapili tu mkitoka kanisani. Siku nyingine umpe kitu kingine unachokitaka wewe."

"Kumbe ana meno mabovu? Mbona hamkuniambia?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Angalia yaliyofanyika hapo. Mwana hakusema "umemharibia meno." Hakumtaja mkewe popote. Alitaja daktari, na wazee wetu huliheshimu sana neno la hospitali. Alimwachia bibi Jumapili, siku ambayo bibi ndiye atakayetoa soda na kushangiliwa, kisha akampa uhuru wa kuchagua kitu kingine. Kwa mtoto mchanga, mwenye neno ni nesi wa kliniki. Ukiweza, mwombe bibi akusindikize siku ya kupima uzito, asikie mwenyewe kwamba uji bado. Maneno ya nesi yatamwingia kuliko yako, na atarudi akiwaambia wenzake mambo hayo kama mjuzi.

Isemwe kweli tupu, lakini. Kama hakuna daktari aliyesema, usimtunge. Bibi akija kugundua, hata neno la kweli la siku nyingine hataliamini.

Hatua ya 6: Mpe bibi cha kudekezea

Ukichukua soda mkononi mwa bibi na kuuacha mkono mtupu, utaujaza wewe mwenyewe kwa ugomvi. Mwachie mambo ambayo ni yake peke yake, na ninyi wazazi msiyafanye kabisa hata kama mnaweza. Kwa mfano, bibi ndiye anayetengeneza kiburu cha ndizi na maharage, na mjini hakipikwi. Bibi ndiye anayemnunulia mjukuu nguo ya Krismasi, mwende naye soko la Kiboriloni au la Kilombero achague mwenyewe, hata kama gauni lina malinda mengi kuliko unavyopenda. Babu ndiye anayemfundisha kukamua ng'ombe na kumpa kikombe cha kwanza cha maziwa yaliyochemshwa. Mtoto ana kuku wake kwa bibi, anapigiwa simu kuambiwa ametotoa vifaranga wangapi. Matunda pia: maparachichi, ndizi mbivu na mapera ya kihambani ni vya kula bila ruhusa ya mtu.

Pesa za matumizi ziandamane na ombi lako. Kama unamwambia bibi apunguze biskuti na aongeze mayai, tuma ya mayai. Bibi hawezi kubadili mlo wa wajukuu wanne kwa pensheni ya babu au kwa bei ya ndizi.

Hatua ya 7: Bibi akikutengua mbele ya mtoto

Hili ndilo la kushika kuliko yote. Umemwambia mtoto "hakuna simu mpaka umalize kula." Bibi akiwa pale anasema, "Mwache mtoto, mpe simu, utamlisha kwa nguvu?" Mtoto anawatazama ninyi wawili kwa zamu.

Usibishane na bibi hapo. Pia usilegeze neno lako. Geuka kwa mtoto, sauti ya chini, sema: "Bibi anakuonea huruma kwa sababu anakupenda. Maliza, halafu utapewa." Kaa karibu mpaka amalize. Kwa sentensi hiyo moja bibi ameheshimiwa na neno limebaki. Baadaye, mtoto akiwa hayupo, mkiwa wawili mnachambua mboga, mwambie bibi: "Mama, tukipishana, uniite pembeni uniambie. Kama nimekosea nitabadilisha mwenyewe. Mtoto akiona tunapishana, kesho hatanisikiliza mimi wala wewe." Wazee wengi wanaijua kanuni hiyo kuliko sisi, kwa sababu walipokuwa wazazi wao ndio waliokuwa wakali nayo.

Deni ni la pande mbili. Bibi akimkanya mwanao na kumwambia aokote takataka, usikimbilie kusema "mwache amechoka." Umefanya kile kile unachomlaumu.

Kuna jambo moja ninalolichukia katika kudekeza, nalo ni siri. "Kula, ila usimwambie mama." Biskuti yenyewe ni kitu kidogo, lakini mtoto anafundishwa kwamba mtu mzima anaweza kumpa kitu kizuri na kumwomba anyamaze. Watu wanaodhuru watoto hutumia maneno hayo hayo. Mweleze bibi hatari hiyo, tena kwa uzito, na umwambie wazi kwamba ni afadhali ampe biskuti mbele yako kuliko kumpa kwa kificho.

Hatua ya 8: Mtoto anayezunguka

Watoto wa miaka 5 na kuendelea wanajua kucheza katikati. "Lakini bibi kasema naweza." "Kwa bibi tunaruhusiwa." Jibu lisilochosha ni hili: "Kwa bibi ni kwa bibi, hapa ni hapa." Mtoto anaweza kabisa kuishi na taratibu mbili, kama anavyojua shuleni havai kandambili na nyumbani anavaa. Kinachomvuruga ni kusikia nyumba moja ikiisema vibaya nyingine. Usimseme bibi mbele yake, hata kwa simu na dada yako ukidhani hasikii.

Kama bibi anaishi kwenu

Bibi aliyekuja kukusaidia uzazi akabaki, au aliyehamia mjini baada ya babu kufariki, hayuko likizo. Yuko na mtoto kila siku, kwa hiyo ule uhuru wa Jumapili hautoshi. Hapo mgawanyo wa kazi lazima uwe wazi. Mpe eneo lake kamili, kwa mfano chakula cha mchana na kipindi cha baada ya shule ni vyake, usiingilie. Usiku na shule ni vya wazazi.

Mkumbukeni dada wa kazi. Yeye ndiye anayeumia kati yenu. Mama amemwambia mtoto asipewe chai ya sukari, bibi amemwambia aweke sukari, na akimtii mmoja amemkosea mwingine. Mwambieni mbele ya wote wawili ni jambo gani anamsikiliza nani.

Mkiishi kihambani pamoja, kama ilivyo kwa mtoto wa kiume wa mwisho ambaye kwa mila za Wachaga hubaki na nyumba ya wazazi, jiko ndilo linaloleta vita. Ukiweza uwe na jiko lako, hata la mafiga matatu na paa la bati.

Na kama mtoto anaishi kwa bibi kwa sababu ninyi mko Dar es Salaam au nje ya nchi, basi bibi ndiye mlezi na sheria ni zake. Utatoa maoni, utatuma fedha kwa wakati, utasimamia fungu la hatari. Huwezi kulea kwa simu ukapanga saa ya kulala ya mtoto ambaye humwamshi wewe.

Babu anaposema mnaodekeza ni ninyi

Siku hizi lawama zinakuja upande huo pia, na mara nyingi wazee wana hoja. Mtoto wa miaka 9 anafika kijijini hawezi kuosha kikombe chake, anasusa machalari akitaka chipsi, anaingia ndani bila shikamoo, analia akinyang'anywa simu. Babu anauliza, "Huyu mnamlea au mnamfuga?" Ukiwa mkweli utakubali kwamba shule ya kulipia na dada wa kazi vimefanya watoto wetu wengi wasijue kazi. Mkabidhi babu kazi hiyo wakati wa likizo: kukata majani ya ng'ombe, kuteka maji, kufagia uwanja. Mpaka uweke kwenye fimbo. Mwambie babu mapema kwamba mtoto akikosea aitwe baba yake, kipigo hapana. Akiwa mkali kwa maneno, mvumilie.

Ikishindikana

Umeongea mara mbili tatu kwa heshima na hakuna mabadiliko. Tafuta mtu wa kati ambaye bibi hawezi kumpuuza: mjomba mkubwa, shangazi, dada yake bibi, mchungaji, shehe, au mzee wa jumuiya. Mweleze jambo moja tu, lile zito. Usimpe historia yote tangu harusi.

Kwa fungu la utaratibu, ikibidi punguza muda: badala ya wiki tatu, watoto wakae siku tano na wewe ukiwepo. Kwa fungu la hatari, kama mtoto anaonjeshwa pombe tena baada ya kuzungumza, au anapigwa, asiachwe hapo bila wewe, hata kama mtu atanuna mwaka mzima. Penye dalili za kuumizwa au kuguswa vibaya, hayo si mambo ya kikao cha ukoo. Piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mkirudi nyumbani

Januari ndiyo inayowachosha wazazi, na hapo ndipo bibi analaumiwa zaidi kuliko anavyostahili. Rudini angalau siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Siku ya kwanza mwache mtoto alale na aongelee kihamba anavyotaka. Kuanzia siku ya pili rudisha saa ya kulala kidogo kidogo, nusu saa kila siku, mpaka ifike ya kawaida. Soda na biskuti alizofungashiwa kwenye begi ziwekeni kabatini zigawiwe Jumapili, msizitupe mbele yake. Akilia kwamba anamtaka bibi, mpigie bibi simu waongee. Halafu mlaze.